Maradhi ya Hisia: Yanavyokuja, Yanavyoondoka na Yanavyotibiwa

Anayeumwa na jino hahitaji kuambiwa kuwa anaumwa. Maradhi ya hisia hayako wazi namna hiyo. Humwingia mtu taratibu, yakavaa sura ya tabia yake mwenyewe, na watu wa nyumbani huyaita uvivu, kiburi, hasadi ya jirani au shetani kabla ya kufikiri kwamba ni maradhi. Kisha, baada ya miezi kadhaa, huondoka. Na kuondoka huko huwachanganya watu zaidi kuliko kuja kwake. Tumeiandika sehemu hii ya kijitabu kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya yule anayeishi naye, ili waelewe kinachotibiwa, kazi ya dawa inayotolewa, na mambo wanayostahiki kuyauliza wanapokaa mbele ya daktari au wanaposimama kwenye duka la dawa.

Kushuka na kupanda

Kila binadamu huhuzunika. Mjane aliye ndani ya eda akilia usiku si mgonjwa, amefiwa. Aliyevunjikiwa na biashara akakosa usingizi siku tatu si mgonjwa. Huzuni huitwa maradhi, yaani sonona, inapodumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, ikamwondolea mtu hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, na ikaja na wenzake: usingizi uliokatika au uliozidi, chakula kisicholika, uchovu usioondoka kwa kupumzika, akili isiyotulia juu ya jambo moja, kujilaumu kusiko na sababu, na fikra za kifo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban mtu mzima 1 katika kila 20 duniani anaishi na sonona, na wanawake huipata zaidi kuliko wanaume.

Hapa kwetu ni nadra mtu kuingia kwa daktari akasema kuwa ana huzuni. Husema kichwa ni kizito, moyo unamwenda mbio, mwili hauna nguvu, tumbo limejaa. Hupimwa malaria, hupimwa presha, akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Tuchukue mfano wa mama mkulima wa mwani wa Jambiani. Kazi yake hufuata maji: bamvua linapofika na maji yakapwa mbali, hushuka pwani kufunga na kuvuna. Akikosa bamvua moja, watu watasema amechoka. Bamvua mbili zikipita hajashuka, kamba zake zikawa zinaelea na mwani umepukutika, naye hajali, basi mwezi mzima umekwisha, na hilo ni jambo la kumfikisha kituo cha afya hata kama yeye mwenyewe analalamikia mgongo tu.

Upo upande wa pili, nao watu wengi hawautambui kuwa ni maradhi hata kidogo. Kijana wa Mji Mkongwe anayetembeza wageni huanza kulala saa mbili au tatu kwa usiku na kuamka bila uchovu. Maneno yanamtoka kwa kasi, haachi mtu amalize sentensi. Ana mipango: atanunua boti, atafungua hoteli, atafunga mkataba na wazungu aliokutana nao jana. Anakopa Darajani kwa huyu na yule, anagawa simu yake, anamtukana mzee anayemnasihi. Wiki ya kwanza marafiki hufurahi naye. Hali hii ikidumu wiki moja au zaidi, nayo ikawa kinyume na mtu tunayemjua, madaktari huiita mania. Isifikiriwe kuwa ni furaha tu. Kwa wengi ni hasira na ukali zaidi kuliko kicheko, na wengine hufika kusikia sauti au kuamini kwamba wametumwa ujumbe maalumu. Mtu anayepata vipindi vya kupanda, na kwa kawaida vya kushuka pia, ana maradhi yanayoitwa baipola. Mara nyingi huanza katika ujana, baina ya skuli ya sekondari na miaka ya kwanza ya kazi.

Hapa pana kosa ambalo familia na daktari hulifanya pamoja bila kukusudia. Mtu anapopanda huletwa hospitali na jamaa, kwa sababu ghasia zake zimeishinda nyumba. Anaposhuka hubaki chumbani, hamsumbui mtu, na hakuna anayemleta. Na akija peke yake, basi huja wakati wa kushuka, kwa kuwa anapopanda hajioni mgonjwa. Kwa njia hizo mbili daktari huona nusu tu ya maradhi. Nusu hiyo inaweza kumdhuru mgonjwa, kwa sababu dawa ya sonona akipewa peke yake mtu mwenye baipola inaweza kumsukuma juu. Kwa hiyo, kabla ya kupokea dawa yoyote ya sonona, mgonjwa au jamaa yake aseme hata kama hakuulizwa: je, umewahi kupita muda ambao ulilala kidogo mno, ukasema na kutumia fedha kupita kiasi, na watu wakakushangaa? Je, yupo katika ukoo aliyewahi kuwa hivyo? Maswali haya mawili ni mafupi, na hatujui mengine yenye thamani kubwa zaidi katika sehemu hii yote.

Kwa nini kila tiba huonekana imefaa

Kipindi cha sonona au cha mania kina mwanzo na mwisho. Hata bila ya tiba, vipindi vingi hupita baada ya miezi, ijapokuwa miezi hiyo inaweza kuharibu ndoa, kazi, na wakati mwingine kuchukua roho. Sasa fikiri familia inavyohangaika. Mwezi wa kwanza wamekwenda kwa mganga akasema ni shetani wa pwani. Mwezi wa tatu wamepiga hijama. Mwezi wa tano mwalimu ameandika kombe kwa zafarani, mgonjwa akalinywa siku saba. Mwezi wa sita mgonjwa akaamka, akaoga, akaomba chai. Sifa itakwenda kwa aliyekuwa zamu. Angekuwa zamu daktari, sifa ingekwenda kwake, nayo pengine isingekuwa ya haki zaidi.

Hatusemi haya kumdharau mtu. Dua na kisomo humpa mgonjwa utulivu na humrudisha katika jamaa yake, na kombe halimzuii mtu kumeza kidonge. Mtaalamu wa Marekani, Juli McGruder, aliyeishi Unguja akizichunguza familia zenye wagonjwa wa maradhi makubwa ya akili, alieleza kuwa imani ya mashetani iliwahi kumpunguzia mgonjwa lawama: kosa likawa la shetani, naye akabaki mtoto wa nyumba, akapikiwa na kusubiriwa. Hilo ni jambo jema ambalo hospitali haina uwezo wa kuliandika kwenye karatasi ya dawa. Tunachokipinga ni tabibu yeyote anayeweka sharti kwamba dawa za hospitali ziachwe kwanza, anayemfunga mgonjwa au kumpiga, au anayemnyima chakula. Na yule anayedai fedha nyingi kabla, akaahidi kwamba maradhi hayatarudi maisha, anaahidi kitu ambacho hata daktari hawezi kukiahidi.

Hadaa hiyohiyo huwakamata wanaotumia vidonge. Mtu amepona, anasali, anafanya kazi. Kwa nini aendelee kumeza? Anaacha. Kesho yake haanguki, wala wiki ya pili haanguki, naye anahakikishiwa kuwa alikuwa sawa. Maradhi yakirudi baada ya miezi minne, hakuna anayeyafungamanisha na siku ile alipoacha. Husemwa ni jicho jipya. Takriban nusu ya watu waliopata sonona mara moja huipata tena, na katika baipola kurudi ndiyo kawaida. Dawa nyingi katika maradhi haya zina kazi mbili, kumtoa mtu alipo na kumzuia asirudi huko, na kazi ya pili haionekani kwa macho. Ukishaelewa hivyo, agizo la daktari la kuendelea ukiwa mzima halitakuwa tena na sura ya ujanja wa kuuza dawa.

Dawa za sonona

Zinazopatikana zaidi nchini ni fluoksetini na amitriptilini. Zote hazifanyi kazi siku ya kwanza kama panado. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, ilhali maudhi yake huja mapema: fluoksetini inaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa na wasiwasi wa siku za mwanzo, amitriptilini hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usingizi. Wengi huacha katika wiki hizo za mwanzo, wakati wanapata maudhi bila faida, na husema dawa imewakataa. Mwambie daktari, usiiache peke yako. Vijana waangaliwe kwa karibu zaidi katika wiki za kwanza, kwa kuwa fikra za kujidhuru zinaweza kuongezeka kabla ya kupungua.

Baada ya kupona, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea miezi 9 hadi 12, kisha kupunguza kidogokidogo kwa usimamizi. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa mlevi wala mteja, lakini zikikatwa ghafla zinaweza kuleta kizunguzungu na kukosa usingizi. Amitriptilini ni hatari sana ikimezwa nyingi kwa pamoja. Kwa hivyo, nyumba yenye mgonjwa aliyekata tamaa isiweke vidonge vya mwezi mzima mikononi mwake. Mtu mwingine avihifadhi na kumpa kwa siku.

Lithiamu, joto na mfungo

Kwa baipola hutumiwa dawa za kutuliza mania, kama vile haloperidoli na olanzapini, pamoja na dawa za kusawazisha hisia: lithiamu, valproeti na karbamazepini. Tutakaa zaidi kwenye lithiamu, kwa kuwa ndiyo inayohitaji kueleweka zaidi katika kisiwa cha joto kama hiki.

Lithiamu ni aina ya chumvi. Daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 kuhusu wagonjwa wa mania waliotulia kwa kuitumia, na hadi leo ni miongoni mwa dawa zenye ushahidi mkubwa kuwa hupunguza vifo vya kujiua. Lakini kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno. Katika damu, kwa wengi inatakiwa iwe baina ya 0.6 na 1.0 kwa kipimo cha maabara, ikivuka 1.5 imekwishaanza kuwa sumu. Ndiyo sababu mtumiaji hupimwa damu mara kwa mara, na takriban kila miezi sita huangaliwa pia figo na tezi ya shingo. Ikiwa umepewa lithiamu na hakuna aliyekupangia kipimo, uliza ni lini na wapi utapimwa. Pasipo na kipimo, dawa hii haifai kutolewa.

Figo hazitofautishi vizuri lithiamu na chumvi ya kawaida. Mwili ukipoteza maji na chumvi kwa jasho, kutapika au kuharisha, figo huishikilia chumvi, na lithiamu hubakia nayo. Mvuvi anayeshinda juani wakati wa kaskazi, mpagazi wa bandarini, mwenye tumbo la kuendesha: wote hawa kiwango chao kinaweza kupanda bila ya kuongeza hata kidonge kimoja. Kunywa maji kwa wingi, usikate chumvi ya chakula ghafla kwa kuwa umesikia inaongeza presha, na ukipatwa na kuharisha wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo. Baadhi ya dawa za kawaida za maumivu, mathalan diklofenaki na ibuprofeni, huipandisha lithiamu pia, na vivyo hivyo baadhi ya dawa za presha. Diklofenaki hununuliwa kwa urahisi kama peremende. Kwa maumivu ya kawaida, mtumiaji wa lithiamu atumie panado, na aitaje lithiamu kila anapouziwa dawa. Mikono ikianza kutetemeka kwa nguvu, ulimi ukawa mzito, miguu ikayumba, mtu akatapika au akapumbaa, aache kumeza na apelekwe hospitali mara moja.

Sasa mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka wapo watumiaji wanaoamua peke yao: ama huacha dawa mwezi mzima, ama humeza dozi mbili pamoja wakati wa futari. Yote mawili ni hatari. Uchunguzi uliofanywa Peshawar, Pakistani, kwa wagonjwa wa baipola waliokuwa wametulia na wanaofuatiliwa, haukuona kiwango cha lithiamu kikibadilika kwa namna ya kutia hofu wakati wa mfungo. Basi hatuwezi kusema kwamba kila anayemeza lithiamu asifunge. Bali hatuwezi pia kusema kwamba kila mmoja afunge, hasa Ramadhani inapoangukia miezi ya joto kali, na kwa mtu anayefanya kazi za jua. Nenda kliniki mwezi mmoja kabla, upimwe, upangiwe saa. Lithiamu nyingi zinaweza kumezwa mara moja kwa usiku, na hilo linarahisisha mambo. Daktari akisema usifunge, dini imeshampa mgonjwa ruhusa, na sheikh wako atakueleza namna ya kulipa au kutoa fidia.

Jambo jingine la Ramadhani halihusu maji. Ni usingizi. Tarawehe, baraza la usiku, daku, kisha alfajiri: kwa mwenye baipola, kukatika kwa usingizi ni mlango unaojulikana wa mania. Ale daku na arudi kulala, au alale mchana. Lakini jumla ya saa zake za usingizi zisipungue. Jamaa wakiona analala saa tatu na anaamka na nguvu mpya, wasisubiri Idi.

Wenye mimba na waliojifungua

Valproeti ni dawa nzuri kwa wengi, ila imethibitika kuwadhuru watoto walio tumboni: takriban mtoto 1 katika 10 huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, na wengi zaidi hupata matatizo ya kujifunza baadaye. Shirika la Afya Duniani limeshauri isitolewe kwa wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba. Mwanamke aliyepewa dawa hii ana haki ya kuuliza ipo nyingine gani. Aliyekwishaibeba mimba asiiache kwa hofu usiku mmoja. Aende kliniki haraka.

Siku arubaini za mzazi zina heshima kubwa Unguja. Mama hukandwa, hupikiwa, hufunikwa. Katika siku hizohizo hisia huwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Machozi ya siku ya tatu au ya nne, yanayokauka ndani ya wiki mbili, ni kawaida. Yasiyokauka ni sonona. Na mzazi anayekosa usingizi kabisa hata mtoto akilala, anayesema maneno yasiyoungana au anayemwogopa mtoto wake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, arubaini isingojewe kutimia.

Tiba ya mazungumzo na mahali pa kuanzia

Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo yenye mpangilio yanaweza kutosha bila ya kidonge. Si kuambiwa “jikaze” wala “mshukuru Mungu”. Ni kulichambua tatizo moja, kuchagua hatua moja ndogo, kurudi wiki ijayo kueleza kilichotokea. Haihitaji lazima daktari. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha kina bibi kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya, na utaratibu huo umefika hadi Zanzibar.

Hospitali pekee ya maradhi ya akili Zanzibar ni Kidongo Chekundu, iliyo chini ya Hospitali ya Mnazi Mmoja. Wapo wanaolitaja jina lake kwa mzaha, na wapo wagonjwa waliokaa miaka bila ya tiba kwa kuogopa kuonekana langoni. Wajue kwamba wengi wenye maradhi ya hisia hutibiwa kwa kwenda na kurudi, bila kulazwa, na kwamba mlango wa kwanza unaweza kuwa kituo cha afya cha karibu. Kwa wakaazi wa kaskazini ni Kivunge, na kwa wa kusini ni Makunduchi. Omba upimwe damu pia, kwa sababu upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingo huweza kuiga sonona. Sema ukweli kuhusu bangi, pombe na dawa za kulevya. Daktari anakuuliza ili asikosee.

Mtu akisema maisha hayana maana, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii fikra hiyo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shamba zilizo karibu naye, na umfikishe hospitali usiku huo huo.

Kwenye duka la dawa, usikubali kidonge kilichokatwa na kutiwa katika karatasi isiyo na maandishi. Tazama jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya kumalizika. Ukibadilishiwa kiwanda, uliza kama nguvu ni ileile. Weka daftari moja: jina la dawa, siku uliyoanza, saa ulizolala, tarehe ya kipimo. Na anayevuka kwenda Pemba msimu wa karafuu achukue dawa za siku zote atakazokaa pamoja na za wiki mbili za ziada, azitie kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye mzigo, na aondoke na karatasi ya daktari, ili akichelewa kurudi aweze kuongezewa huko huko.